Binti wa "Nilisaidia Tu"

Sikumtaka Hertta Karppinen, na yeye hakunitaka mimi. Hilo lijulikane mapema, mtu asije akadhani nasimulia habari za watu waliopendana.

Chuo kikuu nilichosoma hapa Oulu, mji wetu wa kaskazini penye baridi kali, kina mpango wake. Wahitimu wa zamani, sisi tulio makazini, kila mmoja anakabidhiwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho amlee majira yote ya baridi, mpaka ajue namna ya kuingia kazini. Miaka nenda miaka rudi nilikuwa nakataa. Mimi ni mhandisi wa mabomba ya maji moto, yale yanayopita chini ya barabara kupasha joto nyumba za mji. Kubembeleza watoto wa watu sijui. Mwaka ule bosi wetu Reijo akaniandikisha bila kuniuliza. Nikamtukana, akacheka.

Hertta alinijia ofisini mwezi wa kumi na moja, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, viatu vimejaa theluji. Mtoto wa muuza matairi wa Puolanka, kijiji cha mbali na mji, wa kwanza kwao kusoma chuo kikuu. Nikamwekea kahawa na andazi la mdalasini. Akala, akanywa. Nikangoja. Sisi watu wa huku kunyamaza hakutusumbui, lakini huyu alipita kiasi.

"Una maswali?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Hata moja?"

"Sikutaka kukusumbua, Hilkka."

"Ala! Sasa umefuata nini, kahawa? Kahawa ipo hata chuoni kwenu. Haya, nenda. Wiki ijayo usinijie mikono mitupu. Lete maswali, na moja liwe la kuniudhi."

Aliondoka amenuna. Wiki iliyofuata akarudi nayo, na la kuniudhi lilikuwa hili: "Kwa nini umekaa cheo kimoja miaka yote hii?" Lilinichoma kwelikweli. Nikamwambia hayamhusu, halafu nikamwambia swali lilikuwa zuri.

Alichokuwa anakitaka kilijulikana. Kampuni yetu hutoa nafasi moja kwa mwanafunzi aandike tasnifu yake kwetu kwa mshahara, na anayeipata kwa kawaida habanduki tena. Hertta aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Akiikosa, anarudi Puolanka. Baba yake alikuwa ameshamtengea kiti nyuma ya kaunta, katikati ya matairi.

Na alistahili. Yeye na wenzake chuoni walikuwa wamechunguza ni wapi mabomba ya mji yanapoteza joto, na kazi yao ilikuwa safi. Nikamwuliza nani alipiga hesabu. "Tulifanya kama kundi," akasema, "mimi nilisaidia tu." Nikamtega kwa makusudi, nikazitaja hesabu zile vibaya. Papo hapo akanisahihisha, bila karatasi, bila kupepesa macho. Aliyesaidia tu hajibu hivyo.

"We binti," nikamwambia, "hesabu hizi ni zako."

Akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Sema basi: mimi ndiye niliyepiga hesabu."

"Siwezi. Ni kujisifu."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi huko si kujisifu, ni kutoa habari. Sema!"

"Watu wa kwetu wakinisikia watasema nimeota mapembe."

"Watu wa kwenu hawatakuwepo kwenye usaili! Watakuwepo Reijo na wenzake, na hao hawajui kusoma mioyo ya watu!"

Tulizozana hivyo majira yote ya baridi. Mimi napiga meza, yeye anafura. Jirani yangu wa ofisi akaanza kufunga mlango kila akimwona Hertta anatoka kwenye lifti. Siku ya mwisho kabla ya usaili akaniuliza, anaangalia dirishani: "Huwezi kunisemea kwa Reijo? Neno moja tu?"

"Sikusemei. Una mdomo."

Alifunga mlango wangu kwa kishindo, na hicho kilikuwa kitendo chake cha kwanza kilichonipendeza.

Usaili ulikuwa Jumanne, mimi sikuwemo. Alasiri Reijo akanikuta kwenye chumba cha kahawa. "Yule binti wako mpole sana," akasema, "lakini mtupu. Kila tukimwuliza alifanya nini, eti alisaidia tu. Tumemchagua mwenzake wa kundi lile lile, Niilo. Yeye alisema walipiga hesabu, akatuonyesha na michoro."

Nilitaka kulia kwa hasira. Ningesema neno moja tu pale, Hertta angepata kazi, na maisha yake yote angekaa anangoja Hilkka mwingine wa kumsemea. Nikanyamaza, na roho ikaniuma.

Kesho yake Reijo akampigia Hertta simu kumwambia nafasi ni ya Niilo, na saa ya kahawa Hertta akaingia. Koti hakuvua. Watu wote wa ghorofa yetu walikuwepo.

"Wewe kizee usiye na huruma!" akapiga kelele. Jamani, huku kwetu mtu hapigi kelele hata nyumba ikiungua. "Ulijua! Ulijua kazi ni yangu, ukakaa kimya! Mimi ndiye niliyekusanya vipimo vya nyumba zote zile! Mimi ndiye niliyeona hesabu ya kwanza ina kosa, nikaianza upya peke yangu! Niilo alichora michoro! Michoro tu!"

Watu wakatumbulia macho vikombe vyao.

"Umemaliza?" nikamwuliza.

"Bado!"

"Vizuri. Huyu mwanamke anayesema hivi leo, jana kwenye usaili alikuwa wapi? Reijo yuko ofisini kwake, na Niilo bado hajatumiwa barua. Nenda ukamalizie huko."

"Siwezi kumvamia mtu bila miadi!"

"Mimi umenivamia."

Alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliyekula maandazi yangu. Kisha akageuka, akaenda kwa Reijo, na hakubisha hodi. Sauti yake tuliisikia mpaka kwenye chumba cha kahawa, "mimi" baada ya "mimi". Reijo akampigia Niilo simu pale pale. Niilo, kijana wa watu, akajibu kwa utulivu kabisa: "Ndiyo, hesabu ni za Hertta. Hakuna aliyeniuliza."

Hertta akapata nafasi. Niilo alipata mahali pengine bila kinyongo. Siku ya pili Hertta akawaandikia wenye mpango, akaomba wamwondoe kwangu. Sasa ni mhandisi hapa hapa. Tukikutana kwenye lifti anaangalia vitufe, nami naangalia vitufe.

Vuli iliyopita chuo kilituita tena kuufungua mpango. Nikashangaa kumwona Hertta amesimama mbele, naye sasa ni mlezi, ameombwa awaeleze wanafunzi namna ya kufaidika. Mimi nilikaa safu ya pili, na aliniona vizuri.

"Mimi nilipewa mlezi mbaya kuliko wote," akasema, sauti imenyooka. "Kazi yangu niliipata mwenyewe. Niliingia kwa bosi bila miadi, nikamweleza nilichofanya, nikachukua nafasi yangu. Hakuna mtu aliyenisaidia."

Ukumbi mzima ukainamia sakafu kwa aibu. Eti hakuna aliyemsaidia! Iliniuma, sitadanganya, iliniuma mpaka mifupani. Hertta, yule wa "nilisaidia tu", hakupunguza sauti wala hakuondoa macho yake usoni kwangu. Nikaanza kupiga makofi, peke yangu, kwa nguvu, mpaka wengine wakalazimika kunifuata.