Mwalimu wa Mikopo Anatafutwa

Vijana wa kanisani kwetu Bweri walipotafutiwa mtu wa kuwafundisha habari za mikopo, mchungaji alinitaja mimi, Tereza, muuza vitenge wa sokoni Musoma. Nadhani alidanganywa na miwani yangu. Nilikubali haraka, maana sifa hunilevya.

Siku ya kwanza nilivaa suti, nikasimama mbele na kusema kwa sauti ya watu wa benki, "Kopa kwa kitu kitakachokuingizia pesa. Usikope ili majirani wakuone."

Nyumbani nilikuwa na sofa la kona, nimelinunua kwa mkopo wa simu. Lilikataa kupita mlangoni, nikakopa tena kupanua mlango.

Katikati ya somo simu ya Stellah, katibu wa vijana, ikalia mlio wa ujumbe. Ikafuata ya kijana mmoja, Mseti. Kisha ya mchungaji, aliyekaa nyuma. Wote watatu wakasoma, wakanitazama.

"Mwalimu," Stellah akasema taratibu, "hapa wameandika, 'Mwambie Tereza alipe deni, anatukwepa.'"

Kumbe watu wa mkopo walichota namba zote kwenye simu yangu. Nilitamani kujificha nyuma ya ubao, ila ubao ulikuwa mdogo na mimi nimejaliwa mwili.

Mseti akauliza, bila hata kucheka, "Mwalimu, ulikopaga ngapi, na sasa wanakudai ngapi?"

Nikaandika ubaoni. Laki tatu zilikuwa zimefika laki tano na nusu. Hakuna aliyesinzia tena. Wakanibana: riba ni ya mwezi au ya wiki? Masharti ulisoma? Nikawaambia ukweli kwamba nilibonyeza "nakubali" kama mtu anayefukuza nzi.

Jumatatu sofa likaenda kwa mama mmoja wa Nyamuswa, nikalipa deni. Nilidhani darasa limekufa. Jumapili iliyofuata viti havikutosha.

Baadaye Mseti alitaka kuchukua pikipiki ya mkataba, ya kubebea abiria na kulipia kidogo kidogo mpaka iwe yake, akaniomba nimdhamini.

"Mwanangu, jina langu halidhamini hata ndoo," nikamjibu.

Tukausoma ule mkataba pamoja, polepole. Akakuta faini ya kuchelewesha marejesho ambayo ingemmaliza, akamrudia mwenye pikipiki, wakajadiliana mpaka ikapunguzwa. Sasa yuko barabarani.

Juzi alinipeleka mjini. Tulipofika sokoni nikamwambia, "Nitakulipa jioni, mwanangu."

Akazima pikipiki, akakunja mikono.

"Nakusubiri hapahapa, mwalimu."