Niliruka Ukurasa, Wifi Yangu Akafunga

Nimemuomba mwenye ukurasa huu wa gazeti alifiche jina langu, kwa kuwa Mji wa Kale ni mdogo na masikio yake ni mengi. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na miwili. Sijaolewa, ingawa posa imeshaletwa, nayo imetoka kwa kakake wifi yangu. Naishi na mamangu, kakangu anayefanya kazi bandarini, na huyo wifi yangu, mke wa kakangu. Twapendana mimi naye kama tuliozaliwa tumbo moja. Yeye hakupata kusoma. Nyumbani ni mimi tu nijuaye kusoma, kwa kuwa marehemu babangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na alinifunza mwenyewe.

Ramadhani iliyopita, kwa taabu hizi za vita, mchele ulikuwa wa kugawiwa na sukari ya kubahatisha. Rafiki yangu, binti wa Kihindi ambaye babake ana duka la vitambaa Bondeni, aliniazima kitabu cha hadithi ya kale. Mji wa pwani umezingirwa na maadui, chakula kimekwisha, na mwezi wa kufunga umeingia. Ndani yake mna bibi mmoja mja mzito anayefunga pamoja na watu wake huku akizidi kudhoofika. Kila baada ya Alasiri majirani walikuja ukumbini kwetu, wao wachambua choroko za futari, mimi nawasomea. Walilia. Wakaniambia, "Mwanangu, sauti yako yatia imani." Nami nikajiona.

Asubuhi moja nilitangulia kusoma peke yangu, nikafika pale sheikh wa mji anapomwendea yule bibi na bakuli la uji. Anamwambia aliyemruhusu kula ni Mola wake, si yeye, na mtoto aliye tumboni ana haki yake. Bibi anakunywa huku analia, na baadaye anajifungua salama. Sikupapenda. Niliona hadithi imepoa. Nikajua wanawake wataishusha pumzi waliyokuwa wameishika siku zote zile. Alasiri ilipofika niliuruka ukurasa ule, nikaunganisha kwa maneno yangu kwamba alifunga mpaka Idi, ndipo akajifungua mtoto mzima. Ukumbi wote ulilia. Mamangu akanibusu kichwani.

Wifi yangu naye alikuwa mja mzito, tena ana homa. Mkunga alikuwa amemkataza kufunga, na yeye mwenyewe alikuwa amekubali kuanza kula kesho yake. Watu walipoondoka aliniambia, "Wifi, ikiwa yule asiyekuwa na hata punje ya mtama alivumilia, mimi mwenye futari nitamwambia nini Mungu?"

Nilikuwa na kitabu mkononi. Ningekifungua tu. Nikamjibu, "Fanya moyo wako unavyokutuma."

Alifunga. Mamangu alimsifu mbele za watu, na kila sifa ilinizidishia ugumu wa kusema. Siku chache baadaye alianguka jikoni akikuna nazi. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake, mwanamume, akalia kidogo kama paka, kisha akanyamaza. Kakangu alimzika mwanawe, na siku ya Idi hakuvaa kanzu mpya.

Watu wakasema ni kadari. Nami nasema ni kadari, lakini najua mkono wangu ulipita wapi. Rafiki yangu alipokuja kutupa pole, alininong'oneza, "Mimi nililia sana pale sheikh alipomnywesha uji." Wifi yangu alikuwa chumba cha pili. Nilimkatiza kwa kumuuliza habari za babake, na alipoondoka nikamrudishia kitabu chake, nikamwambia nimekwisha.

Nilidhani wifi yangu atanilaumu, au atakichukia kitabu. Hakufanya hivyo. Kilichonikata maini ni neno aliloniambia baada ya arubaini ya mtoto. Alisema, "Yule saumu yake ilipokewa, mwanawe akaishi. Yangu ilirudishwa. Sijui Mungu aliona nini moyoni mwangu." Tangu hapo huswali sunna nyingi mpaka magoti yamuuma, na akisikia mtoto wa jirani analia huondoka dirishani.

Sasa Shaabani imeingia, na yeye ni mja mzito tena. Ameapa kufunga mwezi mzima, safari hii kwa moyo ulio safi zaidi, ili apokelewe. Nilimwita mkunga aseme naye. Mkunga akamwambia, "Mwanangu, una ruhusa, utalipa baadaye." Akamjibu kwa adabu, "Ruhusa naijua, bibi. Mbona yule wa kitabuni hakuambiwa ale?" Mkunga akanitazama mimi msomi nijibu. Nikamwuliza kama atakunywa kahawa.

Ijumaa iliyopita nilijikaza. Kakangu alikuwa kazini, mamangu ametoka. Nikaketi karibu naye, nikamwambia, "Wifi, ile hadithi ya mwaka jana, kuna mahali sikukusomea sawasawa." Akanishika mkono kabla sijaendelea, akadhani najilaumu kwa kusoma vibaya. Akaniambia, "Usijitese. Mimi nilikuwa nafunga kwa kuona watu wamefunga. Wewe ndiwe uliyenifunza kufunga."

Nikashindwa. Nikainuka nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Ndugu zangu wasomaji, nikisema, atajua kwamba mwanawe alikuwa na ruhusa ya kuishi na mimi nikaificha kwa ajili ya machozi ya majirani. Kakangu hatanisamehe, na posa yangu itakuwa imekwisha siku hiyo hiyo. Nikinyamaza, ataingia Ramadhani akiamini Mungu alimkataa, na atafunga mpaka aanguke tena. Wako walionambia, bila kujua habari yenyewe, kwamba siri ya nyumba husitiriwa. Lakini hii si siri ya nyumba, ni yangu mimi, na anayeilipa ni yeye. Mwezi wakaribia kuandama. Nishaurini, niseme vipi, na nianze na nani?