Mkeka wa Chuoni

Mwenzangu, wewe nakwambia bila ya haya. Miaka ya thamanini, hapa Ibra, Omani, binti yangu wa miaka minane choo kilikuwa kikimtoka hajijui. Daktari alisema utumbo umejaa choo kigumu, kile laini ndicho kinachovuja. Dawa tulimpa, ikapungua, ikarudi. Kila asubuhi nikimfunga kitambaa ndipo aende chuoni kusoma Kurani.

Siku moja maalim akamrudisha mwenyewe.

"Bibi, mkeka umenajisika tena. Wenzake wanamwita Bi Mavi. Mweke nyumbani mpaka apone."

"Na asipopona, maalim?"

Akageuka akaenda zake. Mwanangu akaniuliza, "Mama, Mungu naye hanitaki?"

Nikamwambia, "Anakutaka." Hakuniamini. Nikamsomesha kwa herufi nilizojifunza darasa la jioni la watu wazima, lakini chuoni hakurudi. Ukimjua mama mwenye mtoto kama huyu, mfikishie habari yetu.