Kiapo Ambacho Hakikuliwa

Nilikuwa karani katika ofisi ya wakili mjini Nakuru, juu ya duka la dawa za mifugo, siku mkulima mmoja wa Mau Narok alipoleta karatasi za mkopo. Alitaka kununua trekta, na dhamana ilikuwa shamba la viazi alikojenga nyumba yake. Kwa sababu hiyo benki ilidai mkewe aape mbele ya wakili kwamba ameridhia.

Mkulima alisema mkewe amejifungua juzi, hawezi kusafiri. Nikamtilia hati ya kiapo kwenye bahasha. Kesho yake aliirudisha ikiwa na sahihi. Wakili aligonga muhuri, naye akatia sahihi yake, lakini mahali pa kuandika tarehe na mji pakabaki wazi. Niliona. Watu walikuwa wengi kwenye benchi, nikamwita anayefuata.

Mwaka wa nne akaingia mama mmoja amevaa koti zito, akaweka tangazo la dalali mezani kwangu. Viazi vilikuwa vimeoza misimu miwili mfululizo, mkopo ukawashinda, shamba likawa linakwenda mnadani. Alisema ni mke wa yule mkulima, na sahihi ni yake kweli, ila alitia akiwa jikoni kwake, akiambiwa ni karatasi za mbolea.

"Wanasema niliapa katika ofisi hii," akasema. "Dada, wewe uliniona?"

Nilimjibu kwamba sikumbuki. Aliomba nakala, akaikunja, akaenda zake.

Jioni hiyo wakili aliniita, akafunga mlango, akanipa hati na kalamu.

"Jaza tarehe," alisema taratibu, kama anayeagiza chai. "Na uandike Nakuru."

Nilimwambia nitaijaza baadaye. Siku tatu nilitembea na hati ile kwenye mkoba. Nyumbani Kaptembwo, kila pikipiki iliyosimama mlangoni nilijua ni polisi. Nikijaza, nimeghushi, nisipojaza, kazi imekwisha, na kwa kodi ya nyumba ninamtegemea wakili. Siku ya nne nilimrudishia hati vilevile. Aliitazama, akanitazama, akageukia dirisha. Toka hapo hakunisemesha.

Barua ya kuitwa mahakamani ilipokuja, niliisoma nimesimama. Kizimbani mwanasheria wa yule mama aliniuliza kama mteja wake alifika ofisini kuapa. Wakili niliyemfanyia kazi alikuwa ameketi mstari wa mbele.

"Hapana," nikasema. "Hati ilipelekwa nyumbani."

Hakimu alisema karatasi isiyoapiwa mbele ya wakili, isiyoonyesha ni wapi wala lini, si kiapo. Na bila kiapo cha mke, benki haikuwa na haki juu ya shamba. Mnada ukafutwa. Deni lilibaki la mumewe, ila ardhi ilisalimika.

Kwenye ukumbi wa nje yule mama alinikuta nimeegemea ukuta.

"Ungeniambia siku ile," alisema, akaniacha hapo.

Kazi niliipoteza wiki hiyohiyo. Wakili alishtakiwa mbele ya kamati ya nidhamu ya mawakili wenzake, nami nikakaa nikingoja zamu yangu, maana hati ile ilitoka mkononi mwangu. Hakuna aliyekuja. Siku hizi niko Rongai, naandika hesabu ya magunia kwenye stoo ya nafaka. Mgeni akiniuliza jina langu lote, bado namuuliza kwanza analitakia nini.