Alama Nyekundu Juu ya Kioo

Asubuhi ya Dasera, sikukuu ya Wahindu, Mama Jasvanti aliingia makumbusho kwetu akihema kama aliyekimbizwa na mgambo, kiganjani kashika kikopo cha unga mwekundu. Makumbusho yenyewe ni ukumbi mmoja nyuma ya Posta, feni moja, na mimi, niliyeiacha diploma ya utalii njiani nikaja kulinda vitu ambavyo hata mwizi havitaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nina haraka, baba. Saadiya wa ghorofa ya chini anakaa na mzee mpaka saa sita tu, halafu anafungua duka lake."

Alichokifuata nakijua: injini ya mvuke ya kuchezea, ya shaba, haizidi birika la kahawa. Zamani babu yake aliiwasha kwa spiriti dirishani, watu wakajaa kushangaa, na mshangao ule ukazaa karakana ya pampu kule Gerezani. Baba yake, mzee Devendra, akarithi karakana. Kaka yake huyu mama, Jaimin, akarithi haki ya kuiuza. Akaiuza, injini akatuachia sisi, akahamia Uingereza. Jasvanti mwenyewe akarithi mzee.

Siku ya Dasera familia kama yao huziheshimu mashine kwa kuzipaka alama nyekundu. Nyumbani kwao, ghorofa ya nne Kariakoo, alikuwa ameshapaka friji, cherehani, pampu ya maji, hata lifti iliyokufa.

"Lifti nayo?"

"Siku ikiamka itanikumbuka."

Lakini mashine ya kwanza ya ukoo iko kwetu, na mzee Devendra, aliyelazwa na kiharusi, hafungui mdomo kula mpaka hiyo ipate alama yake. Na ana sukari. Mwaka juzi alama ilichelewa, akakaa na njaa kwa ubishi wake huohuo, akazimia mikononi mwa binti yake.

Miaka yote injini ilikaa mezani, wazi. Mama anapaka, anasali kidogo, anatimua mbio. Mwaka huu bosi wangu kaifungia kwenye kabati la kioo, kapiga kufuli, na ufunguo kaondoka nao kwenda semina Bagamoyo. Nilimpigia. Akasema kitu cha makumbusho hakipakwi rangi, kisha akakata.

Mama Jasvanti aliliangalia kufuli.

"Hata wewe wamekufungia?" aliiuliza injini.

"Mama, si umwambie tu mzee kwamba umepaka?"

"Siku hizi haniamini hata nikisema chai ina sukari. Anataka picha. Jaimin kamzoesha picha. Kila Jumapili jirani wa ghorofa ya tatu anamletea picha kwenye simu yake: Jaimin bustanini, Jaimin kwenye theluji. Mimi nikipigwa picha nitaonekana wapi? Jikoni."

"Jikoni si pabaya."

"Hamia wewe."

Saa ya ukutani kwetu imekufa, lakini adhana ya adhuhuri haikuwa mbali, na yeye alijua. Akachovya kidole, akakisogeza mbele ya kioo, akafumba jicho moja kama fundi anayepima ukuta.

"Simama pale na simu yako. Niambie kikifika kwenye tangi la injini."

"Kushoto. Juu kidogo. Hapohapo!"

Akabonyeza kidole kwenye kioo. Kutoka nilipokuwa nimesimama, ungeapa nukta nyekundu imekaa juu ya shaba yenyewe. Nikapiga picha. Simu yake ni ya tochi, haipokei picha, kwa hiyo nikafunga ukumbi na kumfuata.

Ngazi za ghorofa nne alizipanda huku akitafuta funguo. Mlangoni kuna geti la nondo lenye makufuli matatu. Saadiya alikuwa ndani na bakuli la uji uliopoa.

"Kagoma," alisema. "Ameniambia niule mwenyewe."

Mzee Devendra alikuwa anatoka jasho kwenye paji la uso. Jasvanti akamshikia simu karibu na macho.

"Bapa, tazama. Nimeshapaka."

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Mkono wake mzima ukagusa nukta.

"Iko sawa," alisema. Kisha kidole kikahama pembeni ya picha. "Lakini wewe, Jasu, mbona uko ndani ya kabati?"

Nikainama kuangalia. Kweli. Kioo kilikuwa kimeuchukua uso wake na kuuweka nyuma ya injini, macho yakitazama nje. Wakati napiga sikuuona kabisa.

Hakuna aliyecheka, hata mimi.

"Kula, Bapa," alisema Jasvanti.

Akala. Kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likaisha na jasho likakauka. Saadiya akakimbilia dukani kwake, nami nikaaga.

Jasvanti alinisindikiza mpaka getini, kidole bado chekundu.

"Bosi wako anarudi lini?"

"Jumatatu, mama."

"Atalifungua lile kabati?"

"Lazima. Atataka kufuta vumbi."

"Afadhali injini yenyewe," alisema, akafunga geti, nikamsikia akianza na kufuli la juu.