Mama Mkwe Barabarani

Miaka ya tisini, sisi wafanyakazi wa kiwandani Athi River tulishikwa na wazimu wa kwenda Kithyoko kwa baiskeli. Kiongozi wetu, fundi wa mitambo aliyeoa upande wa Mitaboni, alitukataza kabisa kushuka na kusukuma baiskeli mlimani. Kupumzika ni mpaka aseme yeye, na hakusema. Tulipofika milima ya ukweni kwake, mapaja yalikuwa yananiwaka moto na nilimchukia kuliko jua lenyewe.

Ghafla akafunga breki, akaitupa baiskeli mtaroni na kujichimbia ndani ya shamba la mbaazi. Mbele yetu, katikati ya barabara, alisimama mama mmoja na jembe begani. Alikuwa mama mkwe wake, na kwa Wakamba wanaoshika mila, mwanamume hakutani na mama mkwe njiani. Hujificha mpaka apite.

Mama hakupita. Tulijibwaga kwenye nyasi, tukanywa maji, tukavua viatu. Alituuliza habari za kazi, za mvua, za watoto wetu mmoja mmoja. Kule kwenye mbaazi, kimya. Sijawahi kufurahia maongezi namna ile.

Hatimaye alinisogelea, akaninong'oneza.

"Niliwaona kutoka shambani vile huyo mkwe wangu anawatesa, ndiyo nikashuka barabarani. Sasa mmepumzika, ama nisimame kidogo tena?"