Namba ya siri pajani mwa fahali

Jamani, nimewacheka sana waliotapeliwa kwa simu. Mimi niliishia darasa la pili, lakini mali yangu nimeitafuta mwenyewe, na akiba yote imo kwenye simu. Namba ya siri sikumtajia hata mke wangu. Sikuiandika kwenye karatasi pia, maana karatasi huibwa. Niliwapiga nayo chapa ng'ombe wangu pajani, nisiisahau.

Juzi mnadani Nyakisasa nikauza fahali, nikalipwa kwa simu. Nilipofika kwa wakala kutoa pesa, namba ikanitoka kichwani. Nikamkimbilia mnunuzi: "Simamisha huyo ng'ombe, nisome namba yangu ya siri!"

Mnada mzima ukasogea kusikiliza. Mnunuzi akainama, akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja.

"Shikamoo mzee," akasema. "Na wale uliotuuzia mwaka jana, nao wanayo?"